Kipimo cha PET kwa mgonjwa wa kifafa: mwongozo kamili, kutoka kliniki hadi siku ya majibu

"Sista, nimesikia Nairobi kuna mashine inayoonyesha kifafa. Niuze shamba?"

Mama aliyeniuliza hivyo alikuwa na bahasha kubwa ya picha mapajani, na kijana wake wa miaka kumi na tisa ameketi pembeni, kovu jipya la kuungua kwenye mkono. Nilimjibu kama ninavyowajibu wote: shikamoo mama, shamba liache kwanza. Mashine ipo, na ni nzuri. Lakini haijibu swali unalodhani inajibu.

Kipimo cha PET hakisemi kama mtu ana kifafa au hana. Hilo hujulikana kwa maelezo ya anayeanguka na ya waliomwona akianguka, likiongezewa nguvu na kipimo cha umeme wa ubongo, yaani EEG. PET huulizwa swali jingine: kifafa hiki kinaanzia sehemu gani ya ubongo? Na swali hilo lina maana hasa pale dawa zimeshindwa na upasuaji unafikiriwa. Ukilielewa hilo umeshaokoa nusu ya fedha zako. Nusu ya pili inaokolewa na maandalizi, na ndiyo maana nimeandika mwongozo huu kwa urefu.

Kinachoonekana kwenye picha

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote, na chakula chake kikuu ni glukosi. Kwenye PET mgonjwa huchomwa sindano ya glukosi iliyofungwa chembe ya mionzi iitwayo florini-18. Jina lake fupi ni FDG. Seli za ubongo huipokea zikidhani ni sukari ya kawaida, zinaanza kuichakata, kisha inakwama humo ndani. Mashine inahesabu mionzi inayotoka na kuchora ramani: hapa sukari imeliwa sana, pale imeliwa kidogo.

Wengi hutarajia sehemu yenye kifafa iwake. Ni kinyume chake. Siku ambayo mgonjwa hajashikwa, eneo ambalo kifafa huanzia kwa kawaida hula sukari kidogo kuliko wenzake. Fikiria mtaa ambao transfoma yake hulipuka kila mara: siku za kawaida utaujua kwa taa zake hafifu. Ni wakati wa kushikwa tu ndipo eneo lile huwaka kwa ghafla, likala sukari kupita kiasi. Tofauti hiyo kati ya siku ya kawaida na dakika ya kushikwa ikumbuke, kwa sababu nitairudia kwenye chumba cha sindano.

Jambo hili si geni. FDG ilitumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1976 huko Philadelphia, Marekani, baada ya kutengenezwa Brookhaven karibu na New York na kusafirishwa kwa ndege. Mwaka 1980 kundi la David Kuhl na Jerome Engel huko Los Angeles lilieleza maeneo haya yanayokula sukari kidogo kwa wagonjwa wa kifafa. Kilicho kipya ni kwamba sasa kipimo kinapatikana kwetu Afrika Mashariki, Nairobi ikiwa miongoni mwa miji iliyo nacho.

Hatua ya 1: Hakikisha dawa zimeshindwa kweli

Shirika la kimataifa la kupambana na kifafa, ILAE, liliweka kipimo mwaka 2010: kifafa huitwa sugu pale dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, zikatumika kwa dozi ya kutosha na mgonjwa akazivumilia, zimeshindwa kuzuia mishtuko. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu hufikia hapo. Wengine wawili hutulia kwa dawa.

Sasa soma tena maneno "zilizochaguliwa vizuri" na "dozi ya kutosha". Wagonjwa wengi wanaoletwa kwetu kama sugu wanameza fenobabitoni ileile ya dozi ya utotoni, ilhali mtu ameshaota ndevu. Wengine dawa huisha tarehe ishirini na mshahara huja tarehe thelathini. Wengine wana kifafa cha aina ya kuganda macho au kurukaruka kwa mikono asubuhi, wakapewa kabamazepini, dawa ambayo kwa aina hizo huweza kuongeza tatizo badala ya kulipunguza. Watu hawa hawahitaji PET. Wanahitaji daktari akae na kadi ya kliniki aipitie upya. Vilevile kifafa kinachoanza ubongo mzima kwa pamoja hakina mahali pa kutafutwa, kwa hiyo PET haina la kukisaidia.

Kitu kimoja unachoweza kufanya leo bila gharama: mrekodi mgonjwa kwa simu akishikwa. Usiivute kamera usoni tu. Onyesha mwili mzima, mikono yote miwili, na endelea kurekodi hata baada ya kutulia. Muulize jina lake, mwonyeshe kitu akitaje. Macho na kichwa vilielekea upande gani, mkono upi ulikakamaa, upi ulichezeachezea shati, alianza kusema baada ya muda gani: haya humwambia daktari upande wa ubongo kabla ya mashine yoyote. Nimeona video ya dakika mbili ikionyesha kwamba mtu alikuwa akizimia kwa sababu ya moyo, na si kifafa hata kidogo.

Hatua ya 2: EEG na MRI zitangulie, na MRI iwe ya kifafa

MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, ina aina zake. Ile ya kichwa ya kawaida, inayopigwa kutafuta uvimbe au kiharusi, hukata ubongo vipande vinene. Kovu dogo kwenye hipokampasi, sehemu ndogo ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, au kasoro ndogo ya gamba la ubongo aliyozaliwa nayo mtu, hupita katikati ya vipande bila kuonekana. ILAE ilitoa utaratibu wake mwaka 2019, uitwao HARNESS: picha za vipande vya milimita 1 bila nafasi katikati, pamoja na picha za mbele-nyuma zinazokata hipokampasi wima. Mwombe daktari aandike neno "kifafa" na jina la utaratibu huo kwenye fomu. Kama MRI uliyonayo ni ya zamani na ya vipande vinene, kuipiga upya vizuri kuna faida kuliko kukimbilia PET.

Katika maeneo yetu MRI au CT (picha ya eksirei ya kompyuta) huweza kuonyesha sababu moja kwa moja: kovu la ajali ya bodaboda, mabaki ya tegu wa nguruwe kwenye ubongo, alama za shida wakati wa kuzaliwa. Kovu la hipokampasi likionekana wazi, EEG ikielekeza upande uleule, na video ikakubaliana navyo, PET mara nyingi haiongezi kitu kikubwa. Mbale nchini Uganda wagonjwa wamefanyiwa upasuaji wa kifafa cha sehemu ya panja, yaani ubongo wa pembeni karibu na sikio, kwa kuchaguliwa kwa EEG ya video na picha za kawaida.

PET inastahili gharama yake hasa kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule ambaye MRI nzuri imetoka safi lakini mishtuko yake inaonekana dhahiri kuanzia sehemu moja. Wa pili ni yule ambaye MRI inasema kushoto, EEG inasema kulia.

Hatua ya 3: Barua ya rufaa

Fomu iliyoandikwa "kifafa, tafadhali PET" huzaa majibu ya jumla jumla. Msomaji wa picha anahitaji kujua aangalie wapi. Barua nzuri inaeleza mshtuko unavyoanza (kwa mfano, kitu kinachopanda kutoka tumboni hadi kooni, kisha kutafuna mdomo mtupu), majibu ya EEG na upande wake, majibu ya MRI, dawa zote na dozi zake, mkono anaotumia kuandikia, kama aliwahi kupasuliwa kichwa, na swali lenyewe: "Je, kuna eneo lenye matumizi madogo ya sukari kwenye panja la kushoto?"

Diski ya MRI iende pamoja na barua. Wataalamu huiweka PET juu ya MRI kwa kompyuta, na hapo ndipo hutokea jambo ninalolipenda sana katika kazi hii: PET inaonyesha kijisehemu hafifu, wanarudi kwenye MRI iliyoandikwa "kawaida", na kasoro ndogo ya gamba inaonekana pale pale. Ilikuwepo siku zote. Hakuna aliyejua pa kuangalia.

Hatua ya 4: Kupanga siku

Florini-18 hupungua kwa nusu kila dakika 110. Ikitoka kwenye saiklotroni, mtambo unaoitengeneza, saa 2:00 asubuhi ikiwa na kipimo cha 400, saa 3:50 imebaki 200, na saa 5:40 imebaki 100. Haiwekwi kwenye friji. Ukichelewa, dozi yako imepotea na hakuna wa kukurudishia.

Kwa hiyo usifike kwa basi la usiku la kuamkia siku yenyewe. Mbali na kuchelewa, usiku bila usingizi huita mshtuko, na mshtuko unaharibu kipimo. Fika siku moja kabla, lala. Gharama ya chumba cha usiku mmoja ni ndogo kuliko ya dozi iliyopotea.

Hatua ya 5: Kuanzia jioni ya kuamkia kipimo

Usile kitu kwa saa 4 hadi 6 kabla ya sindano. Fuata saa utakayopewa na kituo. Maji matupu ruksa. Chai, hata ya rangi bila sukari, acha. Kahawa, soda, vinywaji vya kuongeza nguvu, pombe, miraa: acha.

Kijana mmoja alikuja akiwa amefunga vizuri usiku kucha. Stendi, saa 12 asubuhi, shangazi yake akamwonea huruma akamnunulia mandazi mawili na chai ya maziwa. Sukari ya damu ilipopimwa ikasoma 11. Vituo vingi hutaka iwe chini ya kama 8.9 mmol/l, yaani 160 mg/dl, kwa sababu sukari ya chakula hushindana na ile ya sindano kuingia kwenye ubongo, na picha hutoka yenye ukungu. Walirudi nyumbani bila kipimo, na shangazi alilia njia nzima. Mwambie kila anayemsindikiza mgonjwa, siyo mgonjwa peke yake.

Dawa za kifafa zimezwe kama kawaida, kwa maji. Hili nalisema kwa herufi nzito: usiache dawa ili "kipimo kionekane vizuri". Ni kweli kwamba fenobabitoni, diazepamu na dawa za jamii zake hushusha matumizi ya sukari ya ubongo mzima, lakini msomaji wa picha hulizingatia hilo akiwa ameambiwa. Kuacha ghafla kunaweza kuleta mishtuko mfululizo isiyokatika, na hiyo inaua.

Mwenye kisukari apange na kituo siku kadhaa kabla namna ya kutumia insulini na vidonge. Asijipangie mwenyewe asubuhi ile. Mtoto aliye kwenye mlo wa ketojeniki, wa mafuta mengi na wanga kidogo sana, atajwe mapema, kwa sababu ubongo wake umezoea nishati ya mafuta na utachukua glukosi kidogo kila mahali. Mwanamke anayehisi ana mimba aseme kabla ya sindano. Anayenyonyesha aulize saa ngapi atakaa mbali na mtoto. Maziwa yenyewe hupata mionzi kidogo sana, shida kubwa ni kumpakata. Akamue mapema, mtu mwingine amnyweshe.

Hatua ya 6: Chumba cha sindano

Hapa ndipo kipimo hufaulu au hufeli, kabla hata hujaiona mashine. FDG huingia kwenye ubongo hasa katika nusu saa ya mwanzo. Unachofanya katika nusu saa hiyo ndicho kitakachopigwa picha. Ukisoma, sehemu za kuona zitawaka. Ukiongea, sehemu za lugha. Ukichati kwenye simu, vyote viwili.

Kanula, mrija mdogo wa kwenye mshipa, huwekwa mapema ili maumivu ya kuchomwa yapite. Kisha mgonjwa hulala au kuegemea kwenye chumba chenye mwanga hafifu, kimya, blanketi juu yake, kwa kama dakika 20 kabla ya sindano na nusu saa baada yake. Nakumbuka mama mmoja aliyeshika rozari akimwombea binti yake kwa sauti. Nilichuchumaa pembeni yake nikamnong'oneza, "Mama, omba moyoni, Mungu anasikia. Masikio ya mwanao yanafanya kazi, na picha itayaona." Alifumba macho, midomo ikaendelea kusogea bila sauti.

Sasa lile la transfoma. Mgonjwa akishikwa muda mfupi kabla au baada ya sindano, upande wenye kifafa huwaka badala ya kufifia. Msomaji asiyejua huona upande mmoja unang'aa na mwingine uko chini, akaandika kwamba ugonjwa uko kwenye ule wa chini, kumbe huo ndio mzima. Kosa hili linaweza kumpeleka mtu kwenye upasuaji wa upande usio wake. Ndiyo maana utaratibu bora ni kumvalisha EEG, ikiwezekana kuanzia saa 2 kabla ya sindano hadi dakika 20 au zaidi baadaye, kwa kuwa mishtuko mingine haionekani kwa macho. Mahali pasipo na EEG ya kuhamishika, lazima awepo mtu mmoja anayemwangalia mgonjwa bila kuondoka, akiwa na saa mkononi, akiandika kila kitu. Uliza kabla: "EEG itavalishwa? Kama hapana, nani atamwangalia?" Ni haki yako.

Mweleze pia mhudumu mshtuko wa mwisho ulikuwa lini, hata kama ni mdogo, hata kama ni usiku wa jana hotelini. Wengi hupenda saa 24 ziwe zimepita. Najua unaogopa kuahirishiwa. Sema tu.

Mtoto mdogo asiyeweza kutulia atapewa dawa ya usingizi, lakini muda wake ni muhimu: baada ya FDG kuingia kwenye ubongo, kama nusu saa tangu sindano, siyo kabla. Dawa za usingizi hupunguza ulaji wa sukari.

Hatua ya 7: Mashine, na saa zinazofuata

Sehemu hii ni fupi na nyepesi. Mgonjwa hukojoa, hulala chali, kichwa hufungwa taratibu kisicheze. Mashine ni tundu pana, haina kelele za MRI. Picha ya ubongo huchukua kama dakika 10 hadi 20.

Mionzi huwatia watu hofu, na ni vema iongelewe kwa namba. Dozi ya mtu mzima ya kama MBq 185 (kipimo cha nguvu ya mionzi ya dawa) humpa takriban mSv 3.5 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili), na CT nyepesi inayoambatana nayo huongeza kidogo. Dunia yenyewe, kwa udongo, miamba na anga, humpa kila mmoja wetu wastani wa mSv 2.4 kwa mwaka. Watoto hupunguziwa dozi kwa uzito. Baada ya hapo kula, kunywa maji mengi, kojoa mara kwa mara, na kwa saa chache usipakate watoto wachanga wala kukaa umeegemeana na mjamzito. Baada ya saa 12 kilichobaki ni kama asilimia 1.

Hatua ya 8: Kusoma majibu

Karatasi itakuja na lugha ngumu. Haya ndiyo utakayokutana nayo.

Ikisema matumizi ya sukari yamepungua kwenye panja la upande mmoja, ukiwa ni upande uleule wa EEG na wa video, hiyo ni habari njema kwa anayefikiria upasuaji. Wagonjwa wa kifafa cha panja wenye MRI safi lakini PET inayoonyesha upande mmoja wamekuwa wakipata matokeo mazuri ya upasuaji, yanayokaribiana na ya wale wenye kovu linaloonekana. Lakini eneo hafifu la PET karibu kila mara ni pana kuliko chanzo chenyewe. Linaonyesha mtaa, halionyeshi nyumba. Daktari wa upasuaji hakati kwa kufuata mpaka wa rangi ya PET.

Ikisema pande zote mbili za panja ziko chini, mambo ni magumu zaidi na vipimo vingine vitahitajika.

Ikisema kawaida, haimaanishi mgonjwa anaigiza wala kwamba amepona. PET hukamata vizuri kifafa cha panja. Kikitoka sehemu nyingine, kama ya mbele ya ubongo, mara nyingi hukosa. Ndugu wengine hulichukua jibu la "kawaida" kama ushahidi kwamba ni mapepo. Naomba sana, msifanye hivyo.

Angalia pia kama karatasi imetaja sukari ya damu wakati wa sindano, mshtuko wa mwisho, na kama EEG ilivalishwa. Visipotajwa, uliza. Na uliza kama picha zililinganishwa kwa kompyuta na za watu wasio na kifafa, kwa maana jicho peke yake hukosa tofauti ndogo.

Hatua ya 9: Kikao

PET haiamui peke yake. Video, EEG, MRI, PET na vipimo vya kumbukumbu na lugha huwekwa mezani, na daktari wa mfumo wa fahamu, wa upasuaji wa ubongo, wa picha na mwanasaikolojia huvitazama pamoja. Vikikubaliana, upasuaji hujadiliwa. Utafiti uliofanyika Canada na kuchapishwa mwaka 2001 uliwagawa wagonjwa 80 wa kifafa cha panja kwa bahati nasibu: baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa na mishtuko inayopoteza fahamu, dhidi ya asilimia 8 ya waliobaki kwenye dawa. Vipimo visipokubaliana, hatua inayofuata huweza kuwa EEG ya sindano nyembamba ndani ya ubongo, na hapo PET hutumika kuchagua pa kuzipitisha.

Kabla ya kuondoka kituoni chukua diski yenye picha zote, siyo karatasi na filamu tu. Iweke kwenye bahasha moja na diski ya MRI, jina na tarehe nje, mbali na jua. Yule mama wa shamba alifanya hivyo. MRI ya kijana wake ilirudiwa kwa utaratibu wa HARNESS na kovu la hipokampasi likaonekana upande wa kushoto, sawasawa na EEG na video ya simu ya dada yake. PET hakuihitaji. Shamba bado analima, na bahasha yake iko kwenye foleni ya kikao cha upasuaji.